Hii chupa ya oksijeni itatufikisha saa ngapi?

Kuna swali lenye linaulizwa kila siku katika hospitali zetu, na mara nyingi linajibiwa kwa macho tu. Mutu anaangalia chupa kubwa ya oksijeni kando ya kitanda, anaigonga kidogo na kidole, anasema: "Bado iko, itafika asubuhi." Jamaa ya mugonjwa inashukuru, inaenda kulala kwenye baraza. Pengine itafika kweli. Pengine saa tisa ya usiku mushale utakuwa kwenye sufuri, chupa ingine imefungiwa ndani ya depo, na mwenye ufunguo alirudi kwake tangu jioni.

Mimi si munganga. Nilisoma agronomia, kazi yangu ni mbegu na udongo. Lakini kujua chupa ya gazi itadumu saa ngapi haiombi digrii ya udaktari. Ni kutosha mara moja, kuzidisha mara moja, kugawanya mara moja. Kila mwenye alimaliza sekondari anaweza kuifanya kwenye simu yake kwa dakika moja. Naiandika hapa juu sisi wenye kusoma njo tunaitwa wakati mugonjwa wa jamaa anahamishwa: "Wewe ulisoma, enda naye." Basi tuende na kitu ndani ya kichwa.

Tuanzie shambani, pale nazoea. Ukiwa na pompi ya kupulizia dawa, ile ya mgongoni yenye tanki ya litri 15, na umepima kwamba inatoa nusu litri kwa dakika, hauna lazima ya kuuliza mutu: tanki itaisha kwa dakika 30. Kiasi kilicho ndani, ugawanye na kiasi kinachotoka kwa dakika. Chupa ya oksijeni ni vile vile. Tofauti ni kwamba tanki ya dawa inakuonyesha maji yake, na gazi haionekani. Tena chupa ya oksijeni haipungui sana uzito mukononi. Chupa ya chuma yenye imejaa na yenye karibu kuisha, kwa mikono ya mubebaji ni karibu kitu kimoja. Njo maana kuigonga na kidole hakusaidii kitu.

Kitu chenye kinasaidia ni presio, yaani nguvu ambayo gazi inasukuma nayo kuta za chupa. Munakumbuka sheria ya Boyle na Mariotte yenye tulikariri pa sekondari? Robert Boyle aliitoa mwaka wa 1662, na wengi wetu tuliiona kama kitu cha kupitia mutihani tu. Inasema hivi: kama joto halibadiliki, ukiminya gazi mpaka ichukue nusu ya nafasi yake, presio inakuwa mara mbili. Basi chupa yenye nafasi ya litri 10, yenye presio ya bari 150, ndani yake kuna litri 10 mara 150, ni kusema litri 1,500 za oksijeni kama ingetoka yote nje kwa presio ya kawaida. Mushale ukishuka mpaka 75, nusu imeisha. Ukishuka mpaka 50, imebaki sehemu moja juu ya tatu. Mushale unatembea sawasawa na kiasi, bila ujanja. (Bari ninayosema hapa ni ile ya kupima presio, si ile ya kona ya barabara, hata kama nayo inaisha mbio.)

Sasa, namba mbili hizo tunazitoa wapi? Ya kwanza, nafasi ya ndani, iko imechongwa kwenye chuma, pale juu kwenye mabega ya chupa. Tafuta herufi V au L pembeni ya namba: 2, 5, 10, 40, 50. Chupa ndogo ya kubeba mukononi mara nyingi ni ya litri 2 mpaka 5, ile ya ambilansi inaweza kuwa ya 10, na zile ndefu zenye zinafungwa na munyororo kwenye ukuta ni za 40 ao 50. Pale pale kwenye mabega kuna namba zingine, na hapa watu wanajikwaa. Namba yenye kuandikwa PH ao PE, kama 250 ao 300, ni presio ya majaribio, yenye kiwanda kilitumia kupima kama chuma kinavumilia. Hiyo haikuambii chochote juu ya oksijeni iliyo ndani leo. Hata ile ya presio ya kazi, 150 ao 200, inasema tu chupa inajazwa mpaka wapi. Mutu mwenye anafanya hesabu na namba ya kwenye chuma badala ya namba ya mushale anahesabu chupa ya siku ilitoka kujazwa, haihesabu hii yenye iko mbele yake.

Namba ya pili, presio ya sasa, inasomwa kwenye manometri, ile saa ya mviringo kwenye robine, na ni lazima robine ifunguliwe ili mushale useme ukweli. Angalia kwanza imeandikwa kwa kipimo gani. Manometri zenye zinatoka Ulaya zinaandika bari. Nyingi zenye zinatoka China zinaandika MPa, ni kusema megapaskali, na MPa moja ni bari 10. Zile za Marekani zinaandika psi, na hapo unagawanya na 14.5 ili upate bari: psi 2,000 ni karibu bari 138. Ukiona kg/cm², hiyo unaweza kuihesabu kama bari tu. Usidharau jambo hili. Mushale kwenye 12 ya MPa ni bari 120, chupa iko muzuri. Mushale kwenye 12 ya bari ni chupa ya kubadilisha sasa hivi.

Namba ya tatu ni debi, litri ngapi zinaenda kwa mugonjwa kila dakika. Iko kwenye kile kioo chenye kampira kadogo kanaelea ndani, ao kwenye kifungo chenye namba. Ile haichaguliwi na sisi. Munganga ao muuguzi njo anaamua, kwa kuangalia hali ya mugonjwa na ile mashine ya kidoleni yenye inapima oksijeni ndani ya damu. Mutoto mwenye kuzaliwa anaweza kupata nusu litri mpaka moja kwa dakika. Mukubwa mwenye vipira vya puani, litri 1 mpaka 5. Mwenye kuwekewa maski yenye mufuko anaenda litri 10 mpaka 15. Muone namna tofauti ni kubwa: chupa moja, kwa mutoto ni siku kadhaa, kwa mukubwa mwenye hali mbaya ni masaa tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua presio ya mushale, tosha bari 20 za akiba, zidisha na nafasi ya chupa, gawanya na debi. Unapata dakika.

Zile bari 20 sizitoshi kwa woga. Chini kabisa mushale hauaminiki, debi inaweza kuanza kuregea, na kubadilisha chupa kunaomba muda: kutafuta ufunguo wa robine, kufunga, kukaza, kujaribu. Kuna wenye wanaacha 10, kuna wenye wanaacha 30. Mimi ningeacha 20, na barabarani ningeacha zaidi. Tuchukue chupa ndefu ya litri 50 yenye mushale uko kwenye 150. 150 kutosha 20 ni 130. Mara 50 ni litri 6,500. Kwa mugonjwa wa litri 5 kwa dakika, hiyo ni dakika 1,300, ni karibu masaa 21 na dakika 40. Kwa yule wa litri 15, ni masaa 7 na kidogo. Kwa mutoto wa litri moja ni dakika 6,500, zaidi ya siku 4. Sasa chupa ndogo ya litri 2, yenye imejaa kabisa kwenye 200: 180 mara 2 ni 360, gawanya na 5, ni dakika 72. Ile chupa nzuri ya kubeba mukononi, yenye kila mutu anaipenda juu iko nyepesi, haikufikishi mbali.

Mwaka uliopita nilikuwa upande wa Kalehe kwa kazi ya mbegu za maharagi, na mama mukubwa wangu, dada ya mama, alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Hospitali ndogo yenye alikuwa ndani ikaamua kumuhamisha Bukavu. Ambilansi ilikuwa na chupa moja ya litri 10. Dereva akaangalia mushale, akaona 9, akasema chupa imekwisha. Manometri ilikuwa ya MPa. Ni kusema bari 90. Basi 90 kutosha 20 ni 70, mara 10 ni litri 700. Mama mukubwa alikuwa kwa litri 5: dakika 140, masaa mawili na dakika 20. Ile barabara ya kando ya ziwa, bila mvua, dereva alisema masaa mawili na nusu. Na mvua ilikuwa imepiga usiku muzima.

Nikamuuliza muuguzi: akisumbuka njiani, mutapandisha mpaka ngapi? Akasema pengine 8. 700 gawanya na 8 ni dakika 87. Saa moja na nusu. Pale hata bila kumaliza hesabu munaelewa.

Chupa ingine ya litri 10 ilikuwa, yenye bari 110, lakini ilikuwa akiba ya upande wa uzazi. Na pale uzazi kulikuwa mutoto wa siku mbili kwenye oksijeni, kwa chupa ndefu ya litri 50 yenye mushale ulikuwa kwenye 40 ya bari. Kwa macho, 40 ni kidogo, chupa karibu tupu, na mama ya yule mutoto alikuwa anatuangalia. Mutu angeweza kusema: hapana, hatutoshi akiba ya mutoto. Ao mutu mwenye sauti kubwa angeichukua kwa nguvu. Tukafanya hesabu mbele ya wote, kwenye kipande cha karatasi. 40 kutosha 20 ni 20, mara 50 ni litri 1,000. Mutoto alikuwa kwa nusu litri kwa dakika. Dakika 2,000, masaa 33. Ambilansi ilikuwa irudi kesho yake asubuhi. Hata kama wangemupandishia mutoto mpaka litri moja, ni masaa 16, na saa ile ilikuwa saa tisa ya mchana: ingefika saa moja ya asubuhi, bila kugusa zile bari 20. Muuguzi mukubwa wa pale njo aliamua, si mimi. Alimuelezea mama ya mutoto kwa Kihavu, akampa ile karatasi, kiisha akatoa chupa.

Tulitumia masaa matatu na dakika 10 njiani. Chupa ya kwanza tuliibadilisha tukikaribia Kavumu. Mama mukubwa sasa iko nyumbani, na anasema sisi vijana tunapenda sana kuandika namba.

Kuna njia ingine ya kuhesabu, na mimi naipenda zaidi juu haiombi kujua nafasi ya chupa, na inakamata uongo. Andika namba ya mushale na saa. Subiri dakika 20 ao 30, bila debi kubadilishwa, usome tena. Kama mushale umetoka kwenye 90 mpaka 80 kwa dakika 20, ni nusu bari kwa dakika. Kutoka 80 mpaka 20 kumebaki bari 60, basi dakika 120. Umemaliza. Usifanye na dakika tano tu, mushale ni mudogo na macho yanadanganya. Na kwa chupa ndefu yenye debi ndogo subiri hata masaa mawili, juu mushale unatembea polepole sana.

Halafu linganisha na hesabu ya kwanza. Zikiachana kidogo, haina neno. Zikiachana sana, kuna kitu. Pengine oksijeni inavuja kwenye ile pete ya kukaza manometri. Pengine debi yenye kifungo kinaonyesha si debi yenye inatoka. Chupa yenye inavuja wakati hakuna mutu anaitumia utaijua vile vile: funga debi, acha robine wazi dakika kumi, mushale haupashwi kushuka. Maji ya sabuni kwenye maungo yataonyesha mapovu, lakini hiyo muachie mutu wa hospitali. Na mikono yenye mafuta, mafuta ya mawese, vazelini, grisi ya gari, isiguse robine ya oksijeni. Oksijeni ya presio kubwa ikikutana na mafuta inaweza kuwasha moto pale pale. Wanaopaka grisi ili robine ifunguke muzuri hawajui wanacheza na nini.

Hesabu unaweza kuigeuza pia, na hapo inakuwa ya kupanga. Hospitali nyingi zetu zinatumia mashine yenye inachota oksijeni ndani ya hewa, konsantrateri. Ni kitu kizuri, haiombi kujazwa, lakini umeme ukikatika inanyamaza. Chupa inabaki ya kuokoa usiku. Sasa tuseme muko na wagonjwa wawili, mumoja litri 5, mwingine litri 2, na umeme kwenu unaweza kukosa masaa 8. Litri 7 mara dakika 480 ni litri 3,360. Kwa chupa ya litri 50, gawanya: bari 67. Ongeza zile 20 za akiba: 87. Basi kila jioni, kama mushale wa ile chupa uko chini ya 90, tafuteni ingine mbele ya giza. Namba moja, yenye inaweza kuandikwa na feltre kwenye plasta na kubandikwa kwenye chupa, na muuguzi wa usiku haombwi kuhesabu kitu akiwa amechoka. Wagonjwa wakibadilika, namba inabadilishwa. Shirika la Afya Duniani liliandika oksijeni ya kutibu upungufu wa oksijeni katika damu kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2017. Kama ni dawa, ihesabiwe kama dawa: hakuna mwenye anapima vidonge kwa kugonga sanduku.

Joto nalo linasumbua kidogo. Chupa yenye ilikaa juani nyuma ya gari, kutoka nyuzi 20 mpaka 35, mushale wake wa 150 utapanda mpaka karibu 158. Oksijeni haikuongezeka, imechemka tu, na usiku mushale utarudi chini. Basi usishangilie namba ya saa nane ya mchana. Upande mwingine, hesabu yetu ya kuzidisha tu inadanganya kidogo kwa presio kubwa, kwa sababu oksijeni haitii sheria ya Boyle mia kwa mia: chupa ya litri 50 kwenye bari 200 inabeba karibu litri 10,600 badala ya 10,000. Tofauti inaenda upande wetu, basi tunaiacha.

Kwa safari, mimi nachukua muda wenye dereva anasema, naufanya mara mbili, na nahesabu na debi kubwa kuliko ile ya kuondoka nayo. Kuna kizuizi cha barabara, kuna gari lenye limekwama kwenye matope mbele yenu, na kuna ile ya mwisho yenye watu wanasahau: kufika kwenye mulango wa hospitali kubwa na kungoja nusu saa ndani ya ambilansi mpaka kitanda kipatikane. Ile nusu saa nayo inapumuliwa.

Sasa, wengi wenu mutachukua hesabu hii na kuipeleka jikoni. Pale haifanyi kazi, na ni muzuri kujua sababu. Gazi ya kupika, butani na propani, ndani ya chupa haiko gazi tupu. Nyingi ni maji maji. Ukitikisa chupa utasikia. Juu ya yale maji kuna mvuke, na ukichoma mvuke, maji mengine yanageuka mvuke na kujaza nafasi yake. Presio inabaki ile ile, kama joto halibadiliki, mpaka tone la mwisho. Kiisha inaanguka kwa dakika chache na bugali iko nusu. Basi manometri kwenye chupa ya kupika inakuambia kama kuna joto ao baridi, haikuambii kama kuna gazi.

Ile unaipima kwa kilo. Kwenye chupa kumeandikwa tare, uzito wa chuma kitupu. Weka chupa kwenye mizani ya muuza maharagi, tosha tare, yenye inabaki ni gazi. Kilo moja ya hiyo gazi inatoa karibu kilowati-saa 12.8 za moto. Jiko la kilowati 2 likiwaka kwa nguvu yote linakula karibu gramu 156 kwa saa, basi chupa ya kilo 6 ni karibu masaa 38 ya moto mukali. Masaa mawili kwa siku, siku 19. Lakini hakuna mutu anapika na moto mukali tangu mwanzo mpaka mwisho, njo maana ni vizuri kupima ya nyumba yako. Kwetu tulipima chupa siku ya posho na posho yenye ilifuata: kilo 1.4 zilikuwa zimeenda, gramu 200 kwa siku, ni kusema chupa ya kilo 6 inatupeleka siku 30. Maharagi njo inakula kuliko vyote. Kuyaloweka usiku muzima mbele ya kupika kulitupunguzia saa nzima ya moto, na hapo naongea kama mutu wa agronomia: maharagi ya zamani, yenye yalikaa depo mwaka muzima, yanagoma kuiva kuliko ya mavuno mapya, basi bei yake ya chini sokoni unailipa kwenye gazi ao kwenye makala.

Kama hauna mizani, mwangia chupa maji ya moto upande mumoja, kiisha pitisha mukono kutoka juu kuenda chini. Pale ubaridi unaanzia, njo maji ya gazi yanaanzia.

Na zile chupa zingine zenye munaweza kukutana nazo: gazi karboni ya kuzima moto nayo iko maji maji, mushale wake unabaki karibu bari 57 kwa nyuzi 20 hata kama nusu imeenda, basi ni mizani. Gazi ya kulaza usingizi ya chumba cha upasuaji, protoksidi ya azoti, vile vile mizani. Asetileni ya wachomeleaji imeyeyushwa ndani ya asetoni, nayo haifuati hesabu ya kuzidisha. Hewa ya kuminywa na azoti kavu ziko sawa na oksijeni: hapo mushale unasema kweli.